Namna ya kuongoza chama cha walimu wa Kiingereza ili kidumu kuliko viongozi wake

Nilikabidhiwa ofisi ya mweka hazina Jumamosi moja mchana, ndani ya darasa la Kidato cha Pili, sakafu ikiwa bado na unyevu wa deki. Ofisi yenyewe ilikuwa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi 31, kitabu cha hundi kilichobakiza karatasi sita, na kipande cha karatasi chenye namba ya simu. Namba ile ndiyo wanachama walikuwa wakilipia ada. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa alama ya kidole ya mwalimu aliyeshika nafasi hiyo kabla ya yule aliyenikabidhi, na mwalimu huyo alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Hakuiba. Simu ilimpotea safarini, laini hakuwahi kuirudisha, na kwa karibu muhula mzima walimu wenzangu waliendelea kutuma elfu kumi kumi kwenye namba ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiifungua.

Chama chetu kilikuwa cha walimu wa Kiingereza wa mkoa mmoja hapa Tanzania. Kilikuwa na watu wenye moyo, kongamano la kila mwaka, na vyeti vilivyochapishwa vizuri. Ila hakikuwa na utaratibu wa mtu kuingia na mtu kutoka. Tulitumia miaka miwili kukinyanyua, na mengi ya mwongozo huu nimejifunza humo. Nawaandikia walimu wanaotaka kuanzisha chama, na wale ambao tayari wanacho lakini kinamtegemea mtu mmoja. Kila hatua hapa chini ipimeni kwa swali moja: kiongozi huyu akihamishwa wiki ijayo, kazi itaendelea?

Hatua ya 1: Amueni chama ni cha kazi gani

Walimu wa Tanzania wana chama cha wafanyakazi, Chama cha Walimu Tanzania (CWT), kinachoshughulikia mishahara, madaraja na malimbikizo. Chama cha walimu wa somo ni kitu kingine. Kipo kwa ajili ya kinachotokea darasani. Msipolitenganisha hilo mapema, mkutano wenu wa kwanza utamezwa na habari za kupandishwa madaraja, na Afisa Elimu atakayeombwa ruhusa ya walimu kuja atakuwa na wasiwasi nanyi bila sababu.

Kazi ya darasani inatosha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma masomo yake kwa Kiswahili, anafika Kidato cha Kwanza anakuta Hisabati, Biolojia na Jiografia zote ziko kwa Kiingereza. Mzigo wa mpito huo unamwangukia mwalimu wa Kiingereza, mara nyingi akiwa peke yake shuleni, na wanafunzi waliojaa hadi dirishani. Mwalimu huyo anahitaji wenzake. Basi andikeni lengo katika sentensi moja, kwa mfano: “Kusaidiana kufundisha Kiingereza vizuri zaidi katika shule za msingi na sekondari za mkoa huu.” Kila shughuli itakayopendekezwa baadaye iwekwe mbele ya sentensi hiyo.

Kuna mtego mmoja ninaouona kila mahali: mfuko wa kufa na kuzikana. Ni jambo jema, na walimu wanauhitaji. Lakini ukikaa ndani ya chama cha taaluma, utakula ada yote, kwa sababu hakuna kiongozi atakayemwambia mfiwa kwamba pesa ni ya vitabu. Wanaotaka mfuko wa rambirambi waunde kundi lao, na daftari lake, na akaunti yake.

Hatua ya 2: Andikeni katiba mkifikiria siku mbaya

Katiba nyingi hunakiliwa kutoka chama kingine, jina likabadilishwa, basi. Mimi nasema kaeni jioni tatu au nne mbishane juu ya vifungu vichache ambavyo vitawaokoa. Vingine vyote mnaweza kuviazima.

Kifungu cha kwanza ni ukomo wa uongozi. Wengi huandika kwamba mwenyekiti atakaa vipindi viwili, wakaona wamemaliza. Baada ya vipindi viwili mwenyekiti anakuwa katibu, katibu anakuwa mwenyekiti, na kamati inabaki ile ile miaka kumi. Sisi tuliandika hivi: “Kiongozi atashika nafasi yake kwa miaka miwili na anaweza kuchaguliwa tena mara moja. Akimaliza vipindi viwili mfululizo, hatagombea nafasi yoyote katika kamati tendaji mpaka ipite miaka miwili.” Neno la maana hapo ni “yoyote”. Walimu wazoefu walilalamika kwamba tunapoteza uzoefu. Tukawajibu kwa kuongeza nafasi ya washauri wawili wasiopiga kura na wasiogusa pesa.

Kifungu cha pili ni akidi. Hapa vyama vingi hujifunga kamba wenyewe. Daftari lina wanachama 300, katiba inasema mkutano mkuu utakuwa halali wakihudhuria nusu, wanakuja 60 kutoka wilaya zote. Mkutano si halali, uchaguzi haufanyiki, kamati iliyomaliza muda inaendelea “kukaimu”. Fanyeni mambo mawili. Akidi ihesabiwe kwa wanachama waliolipa ada ya mwaka huo tu, na iwe theluthi yao. Kisha ongezeni kwamba akidi isipotimia, mkutano utaitishwa tena ndani ya siku 30 kwa taarifa ya siku 14, na waliohudhuria mara hiyo watatosha kwa ajenda ile ile iliyotangazwa. Maneno “ajenda ile ile” yasisahaulike, maana bila hayo watu 20 wanaweza kubadilisha katiba mchana mmoja.

Kifungu cha tatu ni namna ya kumwondoa kiongozi. Kiandikeni kabla hamjamjua atakayehitaji kuondolewa. Wanachama wangapi wakisaini ombi mkutano wa dharura utaitishwa? Nani atauitisha kama katibu atakataa? Nani ataongoza kikao hicho? Mtuhumiwa apewe muda gani wa kujibu kwa maandishi? Chama kisichokuwa na kifungu hiki hugombana kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane, na huko hakuna anayeweza kushinda.

Cha nne kinasahaulika zaidi kuliko vyote: mali ya chama ni ipi na iko kwa nani. Laini ya simu, barua pepe, muhuri, katiba yenye sahihi, cheti cha usajili, projekta, vitabu. Andikeni kwamba vyote ni vya chama, na kwamba kiongozi anayetoka atavikabidhi ndani ya siku 14 mbele ya mashahidi. Hatua ya mwisho itarudi hapa.

Hatua ya 3: Sajilini

Tanzania Bara, njia inayotumiwa na vyama vingi vya taaluma ni Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Njia nyingine ni kusajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali, kwa sheria ya mwaka 2002, chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Kama mtaishi kwa ada na makongamano, ya kwanza inawatosha. Kama mnategemea kuendesha miradi ya wafadhili, ya pili inaeleweka zaidi kwao, ila ina ripoti nyingi. Kenya walimu huenda kwa Msajili wa Vyama, chini ya Sura ya 108, ambayo huhesabu kuwa chama umoja wowote wa watu 10 au zaidi.

Tayarisheni katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha chama ukiwa na majina na sahihi za wanachama waanzilishi, wasifu na picha za viongozi, na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mpeni mtu mmoja kazi ya kufuatilia, na mwingine nakala ya kila karatasi. Mkishasajiliwa, wekeni kwenye kalenda tarehe ya ripoti na ada ya kila mwaka, na kumbukeni kwamba mabadiliko ya katiba yanampitia Msajili.

Hatua ya 4: Pangeni kamati yenye ngazi

Watu saba hadi tisa wanatosha: mwenyekiti, makamu, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina, mratibu wa mafunzo, na wajumbe wa kanda au wilaya. Zaidi ya hapo mnalipa nauli za watu wanaokuja kunywa chai.

Tazameni jinsi vyama vikubwa vya walimu wa Kiingereza vinavyojenga ngazi. TESOL, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966, humchagua rais mwaka mmoja kabla hajashika usukani. Anakaa mwaka mmoja akijifunza kando ya rais aliyepo, mwaka mmoja anaongoza, na mwaka mmoja anabaki kama rais aliyepita. IATEFL cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka mmoja baadaye, kina rais wa miaka miwili ambaye naye hutanguliwa na muda wa kujifunza na hufuatwa na muda wa kusaidia. Hivyo kila anayeongoza ana anayemwandaa nyuma yake na anayemshika mkono mbele.

Chama cha mkoa hakihitaji ukubwa huo ili kutumia wazo hilo. Fanyeni makamu wa mwenyekiti awe mwenyekiti anayefuata, si mtu wa kupewa nafasi ili asinung’unike. Tangu mwezi wake wa kwanza apewe kazi inayoonekana: yeye ndiye aongoze maandalizi ya kongamano, yeye ndiye asaini barua kwa Afisa Elimu pamoja na mwenyekiti. Katibu msaidizi naye aandike muhtasari wa kila kikao cha pili. Mwalimu asiyewahi kuandika muhtasari hawezi kuwa katibu kwa kupigiwa makofi.

Halafu angalieni nani hayupo mezani. Kamati nyingi hujaa wahadhiri wa vyuo na walimu wa sekondari za mjini. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye anayemfundisha mtoto sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza, hayupo. Mwalimu wa wilaya ya mbali hayupo. Wanawake wanajaza ukumbi wa kongamano lakini kwenye meza ya mbele wamekaa wawili. Wekeni kwenye katiba nafasi mbili za walimu wa msingi, na kifungu kwamba angalau wawili kati ya mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina wawe wanawake. Kisha vikao viwe saa ambazo mama mwenye mtoto mchanga anaweza kufika. Vikao vyetu vilikuwa saa kumi na moja jioni, na tulijiuliza kwa nini akina mama hawaji. Tulipovihamishia Jumamosi saa nne asubuhi, walikuja.

Hatua ya 5: Fanyeni uchaguzi unaoaminika

Chagueni kamati ya uchaguzi ya watu watatu wasiogombea. Daftari la wapiga kura lifungwe siku 30 kabla, lisomwe hadharani, na mwenye pingamizi aseme wakati huo. Fomu za kugombea zitoke mapema na mgombea aandike mambo matatu atakayofanya. Kura iwe ya siri hata kama mgombea ni mmoja, kwa kupiga ndiyo au hapana. Kupitishwa kwa makofi kunamnyima hata mshindi uhakika kwamba anakubalika. Karatasi za kura zihesabiwe mbele ya watu, zifungwe kwenye bahasha, zihifadhiwe mpaka muda wa rufaa upite.

Hatua ya 6: Pesa

Hapa nitakaa kidogo.

Fungueni akaunti ya benki kwa jina la chama, yenye watia saini watatu, wawili wakitosha, na mweka hazina akiwa lazima mmojawapo. Watia saini wasiwe wa shule moja wala wa familia moja. Ada iende moja kwa moja benki au kwenye namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la chama. Isipitie simu ya mtu yeyote, hata kwa wiki moja, hata mkiwa mnamwamini kama ndugu. Uaminifu wa yule mwenzetu haukuwa na kasoro. Kilichokuwa na kasoro ni kwamba pesa ya watu zaidi ya mia ilikuwa imefungwa kwa alama ya kidole chake.

Kila anayelipa apewe stakabadhi yenye namba. Kila pesa inayotoka iwe na hati ya malipo: nani ameomba, kwa kazi gani, kikao kipi kiliidhinisha, nani amepokea. Ambatisha risiti kwa pini nyuma yake. Kama muuza maandazi hana risiti, mwandikie karatasi aisaini. Kila mwisho wa robo mwaka mweka hazina atume kwa wanachama wote ukurasa mmoja: tulianza na kiasi gani, kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini, na picha ya taarifa ya benki. Nilipoanza kufanya hivyo, nilidhani maswali yataongezeka. Kilichoongezeka ni ada.

Kongamano ndilo linaloua hazina za vyama, na mara nyingi halili pesa kwa wizi. Tuseme walimu 90 wanalipa 15,000 kila mmoja. Mna 1,350,000. Chai ya asubuhi 3,000 na chakula cha mchana 7,000 kwa kila mmoja ni 900,000. Vyeti vya 1,000 ni 90,000. Mchango wa umeme na usafi kwa shule iliyowapokea 60,000. Nauli za watoa mada wawili 120,000. Jumla 1,170,000, mmebaki na 180,000 na mnajiona mmefanikiwa. Sasa waingie “wageni waalikwa” 20 wasiolipa. Chakula chao ni 200,000. Tayari mnadaiwa 20,000, na bado hawajapewa vyeti wala mabegi. Kwa hiyo orodha ya wageni wa bure ipitishwe na kikao kwa majina, mapema, na mgharimie tu wale ambao bajeti inawabeba. Viongozi nao walipe kiingilio. Mwenyekiti akisimama kwenye foleni ya usajili na elfu kumi na tano yake mkononi, wanachama wanaona.

Wakaguzi wa hesabu wawili wachaguliwe na mkutano mkuu kutoka nje ya kamati. Mwalimu wa Uhasibu au wa Hisabati wa shule jirani anaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja kama hati zimepangwa kwa namba.

Hatua ya 7: Endesheni vikao, na chagueni lugha yake kwa makini

Ajenda itoke siku saba kabla. Muhtasari uliopita usomwe na uthibitishwe, yatokanayo yajadiliwe, na kila azimio liwe na jina la mtu na tarehe. “Kamati itafuatilia” haina maana yoyote. “Katibu atapeleka barua kwa Afisa Elimu Sekondari kabla ya tarehe 10” ina maana.

Sasa suala la lugha. Katika vyama vyetu kuna desturi kwamba, kwa kuwa sisi ni walimu wa Kiingereza, kila kitu kifanyike kwa Kiingereza, pamoja na mkutano mkuu. Naelewa hoja yake. Tunataka mazoezi, na walimu wengi hawana mahali pengine pa kuongea Kiingereza na watu wazima. Lakini nimekaa kwenye mikutano hiyo nikihesabu nani anazungumza. Taarifa ya fedha inasomwa kwa Kiingereza cha kasi, mwenyekiti anauliza kama kuna swali, ukumbi unanyamaza. Baadaye, kwenye foleni ya chakula, mwalimu wa msingi aliyesafiri kwa muda wa saa nne ananiuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: “Samahani mwalimu, ile laki tatu ya usafiri ilikuwa ya nani?” Swali zuri kabisa, na lilipaswa kuulizwa ukumbini. Hakuliuliza kwa sababu aliogopa kukosea sarufi mbele ya wahadhiri.

Tuliamua hivi: mada za kufundishia ziwe kwa Kiingereza, mkutano mkuu uwe kwa Kiswahili. Mwaka wa kwanza maswali kuhusu fedha yalichukua saa nzima, na lile la laki tatu likajibiwa kwa hati mkononi. Kuna wenzangu hawajakubaliana na uamuzi huu mpaka leo. Mimi sitaubadilisha.

Hatua ya 8: Mwanachama apate kitu kabla ya Juni

Makongamano mengi huwekwa likizo ya Juni au Desemba, na ndiyo sahihi, maana ruhusa katikati ya muhula ni shida. Ila mwanachama anayeiona ada yake ikifanya kazi siku moja tu kwa mwaka hatalipa tena. Undeni vikundi vya wilaya vinavyokutana mara moja kwa mwezi kwa saa mbili, kwa zamu kwenye shule za wanachama. Mwalimu mmoja alete somo lililomshinda, wengine wamsaidie. Mwingine alete zana aliyoitengeneza kwa boksi na makapeni. Kama shule zenu zinafanya vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, zungumzeni na waratibu wake ili vikao vyenu vivisaidie badala ya kugongana navyo.

Mfano ninaoupenda unatoka Kameruni. Chama cha huko, CAMELTA, kilianzisha kikundi cha utafiti kwa kuwauliza walimu waliokuja kwenye mkutano wa mwaka wanataka kujua nini kuhusu madarasa yao wenyewe. Maswali yalitoka kwa walimu, na chama kikayafanya kuwa kazi yake. Mnaweza kufanya hivyo kesho kwa karatasi na kalamu: kila anayesajiliwa aandike swali moja, na kamati ichague matano ya kuyafanyia kazi mwaka mzima.

Daftari la wanachama litunzwe kwa heshima. Lina namba za simu, vituo vya kazi na pengine namba za vitambulisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwa lugha nyepesi: chukueni taarifa mnazozihitaji tu, waambieni wanachama mtazitumia kwa nini, na msimpe mchapishaji wa vitabu orodha ya simu zao kwa sababu tu amelipia mabango. Mchapishaji apewe meza ukumbini, auze vitabu vyake huko.

Hatua ya 9: Wafadhili

British Council, balozi, wachapishaji na vyama vya kimataifa vinaweza kuwapa mafunzo, wakufunzi, vitabu, hata nauli ya mwanachama kwenda kongamano la nje. Pokeeni kwa shukrani na kwa maandishi. Lakini gharama za kuishi kwa chama, yaani ada ya msajili, vikao vya kamati, mawasiliano na ukaguzi wa hesabu, zilipwe kwa ada za wanachama peke yake. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, shughuli nyingi zilizotegemea pesa hiyo barani Afrika zilisimama ndani ya siku chache. Chama kinacholipia kikao chake chenyewe kinaweza angalau kukutana na kuamua kinafanya nini baada ya habari kama hiyo.

Nafasi ya kusafiri nje ikitokea, itangazwe kwa wanachama wote pamoja na vigezo, na watakaochagua wasiwe miongoni mwa wanaoomba. Sijaona kitu kinachovunja chama haraka kama tiketi moja ya ndege iliyogawanywa kimya kimya.

Hatua ya 10: Kabidhianeni

Wekeni siku ya makabidhiano siyo zaidi ya wiki mbili baada ya uchaguzi. Wawepo viongozi wanaotoka, wanaoingia, na mashahidi wawili wasio wa kamati. Muwe na fomu yenye safu tatu: kitu, hali yake, sahihi. Katiba na cheti cha usajili. Muhuri. Daftari la mihtasari, kurasa zikiwa zimehesabiwa. Daftari la wanachama. Vitabu vya stakabadhi, vilivyotumika na visivyotumika, kutoka namba gani hadi namba gani. Hati za malipo. Taarifa ya benki ya siku hiyo hiyo. Barua pepe ya chama na nywila yake. Kundi la WhatsApp, na nani ni wasimamizi wake. Ahadi ambazo hazijatekelezwa, na madeni, hata yale madogo ya mzabuni wa chai. Siku hiyo hiyo andikeni muhtasari wa kubadilisha watia saini na kuupiga muhuri, kwa sababu benki itaudai, na bila huo kamati mpya itakaa miezi ikiomba sahihi za kamati ya zamani.

Kisha kamati mbili zipange vikao viwili vya pamoja katika miezi mitatu ya kwanza. Anayeingia ana maswali ambayo siku ya makabidhiano hakujua kuwa anayo.

Mimi nilikabidhi baada ya vipindi viwili, tena Jumamosi, kwenye darasa la shule nyingine. Dada aliyenipokea ni mwalimu wa shule ya msingi. Alihesabu hati za malipo moja moja, akizigeuza kwa kidole alicholowesha kwenye sponji ya mhuri, mashahidi wakisubiri. Alipofika mwisho akarudi nyuma, akahesabu tena, kisha akasema, “Kaka, 0147 haipo.” Ilikuwa ya kutoa kopi, shilingi 8,500. Tulipekua faili zima, tukafungua boksi la vitabu, hatukuiona. Alitaka kuiacha ipite, akaniangalia kama anayeomba radhi. Nikamwomba aandike kwenye fomu: “Hati namba 0147 haijapatikana.” Akaandika, nikasaini chini yake, mashahidi wakasaini. Halafu akafungua barua pepe ya chama kwenye simu yake na kubadilisha nywila. Simu yangu ikalia mfukoni kunijulisha kwamba nimetolewa.